Mkate wa Kantini Asiouamini Wifi

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Birika anakanda unga katika jiko la kantini ya kiwanda cha nguo, jicho moja likiwa mlangoni. Mlango ameuacha wazi makusudi, ili kila anayepita aione mikono yake. Siku hizi hapiki bila shahidi.

Ana sababu. Wifi yake, mke wa kaka yake, hushona mashati ghorofa ya juu. Kila akishakula asubuhi pale kantini, tumbo lilimjaa gesi, likanguruma, likampeleka mbio msalani. Maziwa hayapatani naye tangu usichana. Mama Birika alilijua hilo, na chai alimpikia ya rangi katika birika la peke yake. Sasa kama si maziwa, ni nini? Midomo ya watu ikamalizia: wifi anarogwa.

“Kaka yangu alinitazama kama mchawi,” anasema. “Akaacha hata kuja kwangu. Mimi niliyemlea.”

Naye hakuwa malaika. Alimshuku wifi kwamba anakunywa maziwa kwa siri ili amharibie jina. Alimnyemelea wakati wa mapumziko, akanusa hata kikombe chake. Hakuambulia kitu.

Jibu lilikuja na muuguzi wa zahanati ya kiwanda, aliyeingia jikoni akauliza mkate unatiwa nini. Mama Birika akajibu kwa majivuno: unga, hamira, sukari, na vikombe viwili vya maziwa ya unga, ndiyo siri ya mkate wake kuwa laini. Aliamini maziwa yakishapita kwenye tanuri yamekwisha nguvu.

Wapi! Sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, haiondoki kwa kuokwa. Muuguzi akamtajia inakojificha: biskuti, chokoleti, supu za pakiti, hata baadhi ya soseji.

“Niliona aibu, jamani. Kumbe nilikuwa namlisha kwa mkono wangu mwenyewe.”

Aliomba radhi mbele ya kaka yake. Sasa mkate wa wifi unakandwa kwa maji na mafuta, katika bakuli lake. Tumbo limetulia, ila moyo bado. Kila asubuhi wifi hufika dirishani, huitazama sahani, kisha huirudisha.

“Anza wewe, wifi.”

Mama Birika hukata kipande, hutafuna, humeza, kisha hufungua mdomo ionekane kuwa amemeza. Haoni uchungu kuonja, anasema. Anachongoja ni asubuhi moja tu, wifi achukue mkate wake aende zake bila kumwangalia mdomoni.