Sahani Iliyokataa Kuvunjika

Mwongozaji wa kikosi hicho cha filamu alianzia kwenye uigizaji, na mpaka sasa, akisimama nyuma ya kamera, midomo yake hucheza maneno ya kila mhusika, maana yote kayaandika yeye. Hutafuna mbegu za alizeti na maganda huyatia mfukoni. Hapazi sauti hata theluji ikiharibu kazi ya asubuhi nzima. Fenya, mpishi wa kikosi, humpendea hilo, lakini siku hiyo ya kuanza filamu mpya alikuwa na hofu. Sahani yenye majina ya wote, inayovunjwa kwa bahati njema kwenye miguu ya kamera kabla ya filamu yoyote kuanza, ilikuwa imegonga chuma ikadunda nzima. Nayo ilitoka jikoni kwake.

“Mkosi huo! Sipigi picha mimi,” alifoka Rodion, mpiga picha. “Shangazi, umetuletea sahani au ngao?”

Mwongozaji aliiokota, akasoma majina polepole. “Shangazi Fenya, lako liko wapi?”

“Mimi? Mimi wa supu tu, mwanangu.”

“Kwani Rodion hupiga picha akiwa na njaa?”

Akampa kalamu. Fenya akaandika jina lake, kisha akaivurumisha sahani mwenyewe. Ikasambaratika, watu wakashangilia, kila mmoja akiokota kigae chake cha kumbukumbu. Mwongozaji alichagua chenye jina la Fenya, akakitia mfukoni, kwenye maganda.