Bedford ya Babu na Ile Herufi D

Jamani, nimemwona babu yangu akiendesha lori, na babu alikufa miaka kumi kabla mimi sijazaliwa.

Msikimbie. Si mzimu, ni filamu.

Na leo ingekuwa habari ya vigelegele, kama si mdomo wangu.

Iko hivi. Bibi yangu, aliyenilea, hana picha hata moja ya mumewe. Nyumba iliungua, zikaenda zote. Alichobaki nacho ni stori tu: babu alikuwa dereva wa Bedford ya pua, lile lori lenye boneti mbele, na siku moja watu wa filamu walimkodi yeye na lori lake, wakampiga picha akipita barabarani.

Filamu gani? Bibi hajui. Hakuwahi kuiona.

Nilipoingia chuo nikamwahidi kwamba nitamtafutia huyo mumewe.

"Mtafute, mke mwenzangu," akacheka. "Ila ukimpata usimchukue."

Nikajiunga na grupu moja mtandaoni, la watu wasio na kazi nyingine. Unaweka picha ya lori kutoka filamu ya zamani, wanakutajia kampuni, modeli, mpaka mwaka. Kwa taa tu. Kwa nati za tairi.

Nikanogewa. Yaani filamu inaisha sijui nani kampenda nani, macho yote kwenye malori.

Kila nikikuta Bedford naangalia mawili. Usukani uko kulia, kama magari yetu? Mkono wa kulia wa dereva umekosa kidole kidogo? Cha babu kilikatwa na mnyororo wa kufungia mizigo.

Kuna filamu moja, nyeusi na nyeupe, lori linakatiza kwa sekunde sita. Dereva kakaa kushoto. Nikaitupa hapo hapo, mkono wala sikuuangalia.

Miaka miwili ikapita. Bibi akaanza kuona ukungu, kisha vivuli, kisha hata vivuli vikaisha.

Mwezi uliopita nikaiweka picha ya lori lile grupuni, kuchangamsha watu tu. Nikaandika: Bedford TJ, usukani kushoto, nani anabisha?

Akabisha mzee mmoja, fundi mstaafu wa malori, tunamwita Springi.

"Binti, huko chuo mnasoma nini? Tazama herufi iliyo juu ya grili."

Vumbi lilikuwa limefunika jina zima, imebaki D ya mwisho. Tumbo lake limeangalia kushoto.

Waliounga filamu walikigeuza kile kipande, kama kwenye kioo. Kushoto kote kulikuwa kulia.

Nikaigeuza kwenye simu. Dereva akahamia kulia. Mkono unaning'inia dirishani. Vidole vitatu na gumba.

Nililia mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimefiwa.

Halafu nikaona kingine. Pembeni yake kuna mwanamke. Kilemba kichwani, kaegemea bega la babu, anacheka. Uso umezama kivulini.

Babu, na wewe.

Asubuhi nikapanda basi la nyumbani. Bibi alikuwa kakaa kitandani. Nikamwekea simu mapajani kana kwamba angeiona, nikamsimulia yote: Springi, ile D, ule mkono. Akawa anakipapasa kioo cha simu taratibu, kama anampangusa mtu vumbi.

"Yuko na nani?" akauliza.

Zaidi ya miaka thelathini anamlilia mtu huyu. Leo nimletee na mwanamke wake?

"Yuko peke yake, bibi."

Kidole chake kikasimama.

"Basi siye."

Nikamuuliza kwa nini.

"Siku ile nilikuwa naye mle ndani, nimemlalia begani. Walitaka nishuke, akakataa. Hilo nilikuficha makusudi. Nilitaka uje unione mwenyewe, unicheke."

"Bibi, upo. Nilidanganya. Nilidhani ni mwanamke mwingine..."

"Mjukuu wangu, usinifurahishe tu."

Nikamwapia. Nikamwambia kuhusu kilemba, kuhusu kicheko. Akauliza polepole, kama mtu anayetamani kuamini:

"Kilemba cha rangi gani?"

Filamu ni nyeusi na nyeupe, wapendwa.

Ningeweza kubahatisha. Lakini uongo wangu wa kwanza ulikuwa bado umekaa pale kitandani, katikati yetu.

"Siijui, bibi. Filamu haina rangi."

Akaipapasa simu mara moja ya mwisho, akanirudishia.

"Mtafute tena," akasema. "Wewe bado una macho."

Ndugu zangu, ukifanywa macho ya mtu, mwambie ulichokiona. Chote. Usimchagulie kipi kitamuumiza.

Mimi nilitaka kumwondolea bibi mwanamke mmoja kwenye lile lori. Nikamwondoa yeye mwenyewe.