Pazia la Darasa la Hesabu

Mimi nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Nafundisha hesabu za mwanzo katika chuo kimoja cha ufundi huku Tudor: kugawanya, visehemu, asilimia, mambo ambayo mtu alipaswa kutoka nayo shule ya msingi. Vijana wanaonijia wanasomea kufunga mizigo ya kreni, na bila hesabu hizo kazi yenyewe ni kaburi. Mzigo wa tani sita ukining'inia kwa minyororo miwili iliyosimama wima, kila mnyororo unabeba nusu. Minyororo ikipanuka kama miguu ya mtu aliyesimama topeni, kila mmoja unabeba zaidi ya nusu. Asiyejua kukokotoa hiyo zaidi ataukatisha mnyororo juu ya kichwa cha mwenzake.

Kila nikimaliza somo nilikuwa nauliza, "Mmeelewa?" Nao kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu." Basi nafuta ubao. Mwaka jana sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya binti wa dadangu. Nimemlea kwangu Mji wa Kale tangu mamake alipofariki, naye huniita Khalati. Alisoma darasani kwangu, akapasi, na sasa anafunga mizigo kwa kampuni moja ndogo upande wa Mbaraki. Nikimwona asubuhi akibana mtandio chini ya kofia ngumu, moyo wangu ulikuwa ukijaa, na majirani nimewasimulia mpaka wamenichoka. Juzijuzi alirudi amenyamaza, akasema mnyororo ulikatika kazini lakini hapakuwa na mtu chini. Nikasema alhamdulillahi, nikampakulia wali.

Siku chache baadaye mkuu wa idara yetu, mtu wa bara, mpole, alirudi kutoka semina na maneno mapya. Ati tuwasikilize wanafunzi, watuambie wenyewe wanakwama wapi, ndipo tutakapojua kufundisha. Nilicheka. Nikamwambia mtoto aliyelelewa huku hamwambii mwalimu usoni kwamba hakumwelewa. Ni kama kumwambia mwenyeji wako kwamba mchuzi wake hauna chumvi. Akasema nijaribu vivyo hivyo.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Miaka yote alizungumza na wanaume wageni kutoka nyuma ya pazia la mlango, na sijamsikia mtu aliyesema wazi kumshinda. Muuza samaki alikuwa akiambiwa yote, na aliyekuwa ndani haonekani. Kesho yake nikatundika pazia mlangoni mwa darasa, nikawaacha wanafunzi ndani, mimi nikaketi nje kwenye korido. Nikawaambia wanong'one, na nikaapa sitamtafuta aliyesema.

Walianza na mzaha. Mmoja akasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyeparura mchanga. Mwingine, kwamba nikikasirika mate yananiruka. Haya, nikauma meno nikavumilia. Kisha ikaja sauti kavu, wala sikujua kama ni ya mwanamume au ya mwanamke.

"Mwalimu, mimi kugawanya sijui. Nakisia. Na Jumatatu napelekwa gatini."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wote waende kujifunza kazi kwa vitendo Jumatatu hiyo, na mmoja wao angefunga mizigo kwa kukisia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, nikamtaka aahirishe. Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia sijui, na kiapo ni kiapo. Akaona si haki kuzuia darasa zima kwa ajili ya mtu mmoja, na nafasi zenyewe alizipata kwa kubembeleza. Nikamwambia asibaki kitini hapo, twende akasikie kwa masikio yake.

Tukasimama koridoni sote wawili. Nikasema kupitia pazia, "Asiyejua kugawanya agonge dawati mara moja. Siingii."

Dawati likagongwa upande wa dirishani. Nikashusha pumzi, nikajua yupo. Halafu likagongwa jingine, karibu na mlango. Likafuata la nyuma. Kisha yakawa yanagongwa pembe zote, polepole, bila papara, hata sikuweza tena kuyafuata. Mkuu wa idara alivua miwani. Akasema Jumatatu hatoki mtu hapa. Alipokwisha kuondoka hatua chache akageuka.

"Na wale wa mwaka jana, mwalimu?"

Nilichukua tuktuk mpaka nyumbani, na njia nzima ule mnyororo uliokatika haukunitoka akilini. Siku zote hizo nilikuwa nimeuita bahati mbaya.

Binti alikuwa amesharudi kazini, yuko chumbani kwake, pazia limeshuka. Nikapiga hodi, akanikaribisha, lakini sikuingia. Nilivuta kiti nikaketi hapo ukumbini, nikamsimulia yote: minong'ono, madawati, mkuu wa idara na miwani yake. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimsikia akikunja nguo. Wallahi niliogopa. Nilitaka nisiulize, nikaulizia jambo jingine, nikarudi pale pale.

"Mwanangu, mzigo ni tani sita, na minyororo imepanuka..."

"Nimeelewa, Khalati," akasema upesi, kwa sauti ile ile ya mwaka jana.

Sikuinuka. Jikoni birika lilianza kuchemka, nikaliacha lichemke. Nguo nazo hazikusikika tena. Kisha nikasikia ubao wa kitanda chake ukigongwa, mara moja.