Fukusi wa Kizazi cha Kumi na Mbili

Mdogo wangu alikuwa akifuga fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Sokoni wakiniuliza anasomea nini, nilijibu "udaktari" nikaishia hapo. Mfanyabiashara wa mahindi atangazeje kwamba ndugu yake wa tumbo moja anawanenepesha fukusi kwa makusudi?

Mwaka wa nne wa masomo, chumba alichopewa chuoni kilianza kuvuja. Akaja kwangu.

"Kaka, nipe kile chumba cha nyuma ya ghala."

"Nami napata nini?"

"Nitakukagulia kila gunia kabla hujanunua."

Tukapatana, na sijawahi kupata mapatano mazuri kama yale. Alikuwa akitega sikio kwenye gunia, anasema, "Hili achana nalo." Aliyelinunua alilia baada ya wiki mbili.

Akapanga chupa sitini rafuni, kila moja na fukusi wake na punje za mahindi ya mbegu ngumu, ile inayosemekana haitobolewi na wadudu. Alitaka kujua kama wataizoea mbegu ile, mjukuu baada ya mjukuu. Walikuwa wamefika kizazi cha kumi na mbili. Wakifika cha kumi na tano, anaandika tasnifu yake ya udaktari wa falsafa na kumaliza. Chuo kilishamwongezea muda mara mbili, na barua ya mwisho ilisema hakuna mara ya tatu.

Mama akipita pale humtania: "Daktari, wagonjwa wameamkaje?"

"Wanakula, mama."

"Basi wamekushinda wewe."

Kisha profesa wake akamwita, akaondoka kwa siku nne. Siku ileile nikasikia mkaguzi wa mnunuzi wangu mkubwa yuko njiani. Nikafunika magunia kwa turubai, nikaweka vidonge vya gesi ya kuulia wadudu, nikafunga milango. Sitasema nilizisahau zile chupa. Nilichungulia, nikaona kila moja imefunikwa, nikajiambia kifuniko ni kifuniko. Kumbe ni vitambaa, vimefungwa kwa mpira ili wadudu wapumue. Na ukuta wa chumba kile haukufika kwenye paa; gesi ilipita juu yake. Miaka ishirini sokoni napapasa mpaka mshono wa gunia. Siku ile sikupapasa.

Aliporudi, nilikuwa nimeshafungua ghala gesi itoke. Alimwaga chupa ya kwanza kwenye karatasi nyeupe. Fukusi wakalala miguu juu.

"Wamekufa," nikasema.

"Ngoja, kaka. Fukusi ukimgusa hujifanya amekufa. Ngoja."

Tukangoja. Akawapulizia pumzi ya moto. Akamwaga ya pili, ya tatu. Nje lori langu lilikuwa linasubiri, dereva anapiga honi, sikutoka. Kwenye chupa ya thelathini hivi akaacha kupuliza, akawa anamwaga tu. Alizimaliza zote sitini.

"Nitakununulia wengine," nikasema.

"Nani anauza?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei. Mimi ninayejua kila kitu kinauzwa wapi na nani, nikaanza kurudisha chupa tupu rafuni.

Muda wa chuo ukaisha. Sasa tuko wote ghalani, anakagua magunia, na hajawahi kukosea hata moja. Mchana mama huleta chakula, akifika mlangoni anaita, "Daktari, njoo ule!"

Nimemwambia mama aache jina hilo. Haachi. Naye kila akiitwa huitika, ananawa mikono, anakuja.