Moshi wa Senene kwenye Lenzi ya Protase

Protase Kagaruki hakuwa na lolote na Benadetha. Hilo lijulikane kwanza, maana mtaa mzima wa Hamugembe, tangu mwaka ule wa lenzi mpya hadi siku aliyozikwa, umesema kwamba mpiga picha hamkalishi mke wa mtu mara tatu kwa picha moja bila sababu. Sababu ilikuwepo. Haikuwa mapenzi.

Mwaka 1951 kahawa ilikuwa na bei nzuri. Protase, ambaye studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, aliuza mavuno ya shamba la Buganguzi akaagiza lenzi kutoka Ulaya. Mkewe Alistidia, aliyesoma kwa masista wa Kashozi na kufundisha huko miaka miwili kabla ya kuolewa, hakupinga. Lakini ulikuwa mwezi wa senene, panzi wale wanaoliwa. Kwa desturi ya Wahaya, mke huwakusanya senene, huwanyonyoa mabawa na miguu, humkaangia mumewe na kuwakausha. Naye mume humshukuru kwa nguo mpya. Mwaka ule nguo ya Alistidia ilikuja ikiwa ya kioo na shaba, ndani ya kisanduku kidogo kuliko kopo la chumvi.

Protase alikuwa akisafiri kwenda Buganguzi kwa juma moja.

"Mama Ildefons," alimwambia, "ile ya zamani iliota kuvu kwa unyevu wa ziwa. Hii iweke pakavu."

"Pakavu wapi, na mvua hii?"

"Nyumba ni yako. Wewe ndiye unayejua."

Alijua. Katika nyumba ya Mhaya hakuna pakavu kama darini juu ya mafiga, mahali mbegu za maharage hukaa mwaka mzima bila kuoza. Aliitoa lenzi kwenye kisanduku kilicholowa pembeni, akaifunga kwa kitambaa safi, akaiweka huko kwa moyo mweupe. Chini yake, siku saba, alikaanga senene katika mafuta yao wenyewe.

Protase aliporudi, mteja wa kwanza alikuwa Benadetha, mke wa karani wa chama cha ushirika. Zamani ukoo wa Kagaruki ulipeleka pombe ya rubisi kwao kumposea Protase, na baba yake Benadetha akaikataa. Sasa aliingia na vazi refu la gomesi la hariri, jekundu kama kahawa iliyoiva.

"Ma Alistidia, waitu, hujambo? Hili gomesi amelileta mume wangu kutoka Kampala. Eti shukrani ya senene! Wewe mwaka huu umepewa lipi?"

"Langu bado liko kwa fundi," alisema Alistidia, akaenda jikoni.

Kupitia mlango alimwona mumewe akimpandisha Benadetha kidevu kwa vidole viwili. "Hapo hapo. Usipumue." Miaka tisa ya ndoa, na kidevu cha Alistidia kilikuwa hakijaguswa hivyo hata mara moja.

Picha ilipotoka, ilikuwa kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa chungu cha ndizi. Nywele zilikuwa za kijivu, gomesi la kijivu, na macho hayakuwa na weusi wowote. Protase hakuishuku lenzi mpya; alidhani ni dawa ya kusafishia picha, akachanganya mpya. Akadhani ni dirisha. Akamwita Benadetha tena, akamgeuza, akatundika blanketi jeusi na kutengenezea lenzi kikofia cha karatasi nyeusi kuzuia mwanga wa pembeni. Ikatoka nafuu kidogo. Akanunua karatasi kali zaidi, ile inayolazimisha nyeusi iwe nyeusi, na uso wa Benadetha ukawa na madoa kama ukuta ulioanguka chokaa.

Siku nne alishinda kwenye chumba cha giza. Alistidia aliposogeza pazia kumpelekea chakula, alimkuta ameinamia sura ileile ndani ya maji, na sura ileile imeanikwa kwenye kamba, mara kumi na moja.

"Chakula kinapoa."

"Ngoja kwanza nimpate huyu."

Alistidia alikiweka chakula chini. Nimpate huyu!

Asubuhi iliyofuata, Protase akiwa amekwenda posta, aliichukua lenzi. Alitaka tu kuiona hiyo iliyokula nguo yake na sasa inamlia mume. Aliisogeza usoni, na pua ikajua kabla ya macho: senene. Kisha akaiinamisha dirishani na kuona utando mwembamba wa mafuta na moshi, kama ule aliofuta kila siku kwenye kioo cha taa.

Dakika moja na kitambaa laini vingetosha. Aliirudisha mahali pake bila kuifuta.

Mwache akae kwenye ukungu, aliwaza. Uso ule mzuri na uozee humo.

Siku mbili alikaa na siri hiyo, na ilikuwa tamu. Siku ya tatu mlango ukagongwa, na gomesi jekundu likaingia.

"Nimeitwa tena, Ma Alistidia! Mume wako hachoki kunitazama. Lakini karani wangu amesema leo ni mwisho. Picha ikiwa mbaya, atawaambia ushirika wote kwamba Kagaruki hajui kazi, na ile harusi ya Muleba aliyoahidiwa kuipiga picha itapigwa na mwingine."

Protase alisimama nyuma ya kamera, macho mekundu kwa dawa na kukosa usingizi. Hapo Alistidia aliona alichokuwa akikifanya yeye mwenyewe. Ukungu ule haukumfukuza Benadetha. Ndio uliokuwa ukimleta. Na jina lililokuwa likifutika kwenye karatasi zile halikuwa la Benadetha. Lilikuwa Kagaruki, lake mwenyewe na la watoto wake.

"Baba Ildefons," alisema, "nipe hiyo lenzi. Mgeni na atafune punje za kahawa akingoja."

Jikoni aliifuta kwa pamba na spiriti, mbele na nyuma, kwa duara, mpaka harufu ikaisha. Protase alimfuata, akaona pamba ilivyogeuka rangi ya chai. Alitazama juu darini, kwenye vikapu vya senene. Akamgeukia mkewe.

"Tangu lini umejua?"

"Mgeni anasubiri."

Picha ya tatu ilitoka kali kama wembe. Kila uzi wa gomesi ulionekana, na kila kunyanzi pia. Benadetha alilipa bila kusifu, na hakurudi. Harusi ya Muleba ilipigwa na Protase. Krismasi ile alimkalisha Alistidia kwenye kiti kilekile, katika gomesi la buluu alilomnunulia, akampandisha kidevu kwa vidole viwili.

Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni wakati wa matanga ya Protase, miaka minane baadaye. Jirani yao Klaudia aliisogelea, kisha akarudi kuketi mkekani karibu na mjane, aliyekuwa ametoka kumsimulia habari ya ukungu ule.

"Kwa hiyo ilikuwa moshi tu, waitu?"

"Moshi tu."

"Na nani alimwacha marehemu ahangaike siku zote zile?"

Alistidia alikunja leso yake mara mbili.

"Lenzi ilisafishwa, Klaudia. Picha ile pale ukutani. Mengine sisemi."