Mshale wa mafuta na Mama Anastazia

Leo gari yangu imeniumbua, na bado nashukuru.

Miaka miwili mshale wa mafuta umelala chini kabisa, hata nikijaza tanki.
Sikuwa na haraka ya kuutengeneza, niseme ukweli.
Maana Jumamosi tukitoka kusali jumuiya, mtu akiomba lifti ya kupanda mlima, namwonyesha mshale tu. "Mafuta hakuna, sijui hata kama nitafika."

Wiki iliyopita yakaniishia kweli, katikati ya barabara. Nikakoma.

Kwa hiyo leo nimeenda kwa fundi, kule Mabatini. Kafungua tanki, kumbe boya la ndani linaloinua mshale limetoboka, limejaa petroli, limezama. Kafunga lingine.
Mshale ukapanda taratibu mpaka nusu.
Fundi, ubarikiwe.

Narudi nyumbani Mkolani, namkuta Mama Anastazia, mwenyekiti wetu wa jumuiya, anapanda mlima na ndoo ya dagaa. Nikasimama.

"Shikamoo mama. Panda twende."
"Marahaba."

Akakaa, akauangalia mshale. Muda mrefu.

Nikaona nijieleze. "Mama, mshale ulikuwa mbovu. Zile siku mafuta yalikuwepo."

"Najua," akasema. "Mume wangu alikuwa dereva. Asiye na mafuta haji na gari kila Jumamosi."

Nikatamani kushuka nimwachie gari.

"Tulikuwa tunakuombea," akaongeza. "Ila siyo mafuta."

Tulipofika kwake akanimiminia dagaa nusu ndoo.

Jumamosi nina nafasi nne. Wa mlimani, msiniulize mshale unasemaje.