Mama Method na Klabu ya Wachimba Makaa

Genoveva hakuwa na habari na mpira wa kikapu. Kwao Bukoba mpira ulikuwa wa miguu, na mwanamke aliyeushabikia sana aliambiwa hana kazi. Lakini mwaka ule wa 1998, katika nyumba yake ya kupanga Takoma Park, ungemwamsha usingizini akakusimulia habari za klabu moja ya kusini mwa Poland vizuri kuliko katibu wake: kwamba ilianzishwa na wachimba makaa ya mawe, kwamba iliwahi kutwaa ubingwa yeye akiwa bado mtoto wa kipaimara, na kwamba tangu hapo ni kuporomoka tu. Yote hayo kwa sababu mwanawe Method alimaliza chuo hapo Maryland, akakosa timu Marekani nzima, na klabu hiyo ndiyo pekee iliyomtaka.

Ng'ombe wa maskini hazai. Msimu ulianza kwa kufungwa, ukaendelea kwa kufungwa. Kila Jumatatu rafiki yake Wamaitha, Mkenya aliyefanya kazi ofisini kule Germantown, alichungulia matokeo kwenye kompyuta ya bosi na kumpigia simu. "Mama Method, wamechapwa tena. Lakini kijana amejaribu, ame-score poa sana," alimwambia, na Genoveva akashukuru kama ameletewa kikombe cha ubingwa.

Jumatatu moja Wamaitha alishusha sauti. "Kuna picha. Method amelala chini, watu wamemzunguka. Maneno ni ya Kipolandi, sielewi kitu."

Jumapili, siku yake ya kupiga simu baada ya misa, Method hakupiga. Iliyofuata pia hakupiga. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Genoveva aliwaogesha wazee kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huku machozi yakidondokea kwenye beseni. Kule chumbani kwa Method simu iliita bila mtu kuipokea. Alikuwa mjane, na kati ya watoto watatu aliozaa alibaki huyo tu. Mungu hawezi kunifanyia hivyo, alijiambia, kisha akaogopa kwa kusema vile.

Jumamosi asubuhi akapiga kwenye ukumbi wa klabu. Akapokea mzee mmoja, bila shaka mlinzi wa milango.

"Mimi mama yake Method! Where is Method?"

"Metody?" Sauti ya mzee ililainika. Akasema maneno mengi yasiyoshikika, kisha akayarudia mawili polepole, kama anayemsemesha mtoto. "Na pole. Na pole."

Simu ikamtoka mkononi.

Msimcheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mtu akikupa pole kwa mwanao, humuulizi alijifunzia wapi Kiswahili. Genoveva alianguka kwenye zulia akapiga yowe. Kabla ya adhuhuri viatu vilijaa mlangoni. Wamaitha ndiye aliyeshika simu: "Tumepoteza kijana. Ndio, Method. Mkuje na viti." Wakongo wa kanisani wakaanzisha nyimbo, Watanzania wakaanza kubishana mwili utasafirishwaje hadi Bukoba. Genoveva aliona midomo yao ikicheza tu. Alisema anataka kufa, akalirudia.

Mchana Wamaitha aliiweka simu chini ili anywe chai. Ikalia papo hapo. Akaipokea, akatoa macho, akaitupa kwenye kochi.

"Woi! Ni yeye!"

"Nani?"

"Marehemu!"

Genoveva aliiendea kwa magoti.

"Mama, mbona simu yako inatumika tangu asubuhi?" Method aliuliza. "Mzee ameniita nikaja nikichechemea, nikakuta umekata. Nani wanalia huko?"

"Mzee alinipa pole, mwanangu. Alisema na pole."

"Mama, kwa watu wa huku hiyo maana yake nje. Alikuwa anakwambia nimetoka nje. Nilikuwa natembeza goti."

Goti lilichanika, akaeleza, na daktari alisema basi, asicheze tena. Klabu nayo imeshuka daraja. Kila Jumapili alingoja apate habari moja njema ndipo apige, na haikupatikana. "Nimekuaibisha, mama. Sina hata cha kukuambia."

Genoveva aliwapungia mkono waliokuwa wakiimba wanyamaze.

"Niambie mlivyofungwa."

"Nini?"

"Mechi zote. Anza na ya kwanza, na usiruke hata moja."

Method akaanza, kwanza kwa haya: kufungwa ugenini, kufungwa nyumbani kwa kikapu cha mwisho, kufungwa na timu iliyoshika mkia. Na kila alipotaka kunyamaza, mama yake, amelala ubavu kwenye zulia na simu sikioni, alimhimiza: "Ehe, halafu mkafungwa na nani?"